Herufi zinapodanganya: alama za matamshi ya Kiingereza

Mtoto aliyelelewa na Kiswahili huamini kwamba herufi ni mkweli. Akiona "a" hutamka "a", leo na kesho. Afunguliapo kitabu cha Kiingereza hukuta mambo mengine: though, through, cough na tough yote huishia kwa herufi nne zilezile, wala hakuna mawili yanayolingana kwa sauti. Akikosea, darasa zima hucheka. Tunawajua watoto wenye akili njema walioacha kunyoosha mkono darasani kwa kuogopa kicheko hicho, si kwa kutojua jibu.

Dawa ipo, tena ya zamani. Mwaka 1886 walimu wa lugha, wakiongozwa na Mfaransa Paul Passy, walianzisha chama chao mjini Paris. Mwaka 1888 kikatolewa kanuni na alfabeti: kila sauti na alama yake. Mwaka 1917 Mwingereza Daniel Jones akachapisha kamusi nzima ya matamshi ya Kiingereza. Leo kamusi nyingi za wanafunzi huweka alama hizo kando ya neno, nasi twazipita kama mapambo.

Tuchukue ship na sheep. La kwanza ni /ʃɪp/, la pili /ʃiːp/. Alama ʃ ni "sh" yetu ya shamba. Nukta mbili zaonyesha irabu inavutwa, na aliyesoma tajwidi hahitaji kuelezwa madda ni nini. Ama θ na ð, zinazowatesa wanafunzi wengi duniani, kwetu ni "th" ya thamani na "dh" ya dhahabu, yaani thaa na dhali za madrasa. Mtoto aliyesahihishwa na ustadhi wake mpaka akaacha kusema "samani" akikusudia "thamani" amekwisha kulipa ada ya somo hili.

Kigumu ni ə, "e" iliyopinduliwa: sauti fupi, legevu, isiyobeba mkazo, ambayo Kiswahili sanifu hakina. Husikika mwanzoni mwa about na mwishoni mwa teacher. Sisi tuna irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa takriban 20, pamoja na zile zilizounganishwa mbili mbili. Hapo yataka subira. Kistari cha juu ˈ nacho kisidharauliwe, kwani hutangulia silabi yenye mkazo. Anayebisha kwamba mkazo una kazi na atamke barabara ya magari, kisha barabara yenye maana ya sawasawa.

Siku hizi zipo programu zinazopokea aya nzima ya Kiingereza na kuirudisha kwa alama. Zinafaa, ila zisiaminiwe kwa upofu. Read ni /riːd/ kwa wakati uliopo na /red/ kwa uliopita. Programu isiyoangalia sentensi huchagua moja tu. Tena kuna zinazotamka kila neno peke yake, ilhali katika mazungumzo and hufifia ikawa /ən/. Na ichaguliwe mapema njia moja, ya Uingereza au ya Marekani: car ni /kɑː/ huku na /kɑːr/ kule.

Twapendekeza maneno matano kila jioni, kamusi mezani, na mtoto aandike alama kwa mkono wake. Hata mama ambaye hakupata kusoma Kiingereza aweza kulishika daftari lile, akaweka kidole juu ya alama na kuuliza: mwanangu, hii ni sauti gani?