Mpiga mbizi wa mtoni naye ni mtu

Barabara inayotoka Sake kupitia Masisi hadi Walikale inapita Kibua. Vita inaifunga mara kwa mara, mazao yanaoza, na kijana asiye na kazi anabaki na njia moja: machimbo. Wengine wanaenda kwenye mashimo. Wengine wanasikia kwamba mtoni kuna dhahabu, na kwamba anayekubali kuzama anapata zaidi ya anayebaki kando. Ni juu ya hao wa mwisho tunaandika leo.

Kazi hii si ngeni mashariki mwa nchi yetu. Miaka ya 2014 na 2015, mto Ulindi kule Shabunda, Kivu ya Kusini, ulivuta watu wengi waliofuata dhahabu. Dragi zenye moteri zilinyonya mchanga na changarawe toka chini ya maji. Kwenye dragi ndogo, mtu ndiye anayeshuka kuongoza bomba. Anapumua hewa ya kompresa kupitia mpira mwembamba. Moteri ikizimika au mpira ukikunjwa, hana hewa nyingine.

Tuangalie kwingine. Ufaransa ina kisiwa cha Port-Cros, katika bahari ya Mediterania, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1963 pamoja na maji yanayokizunguka. Watu wanalipa pesa ili wazame kule kutazama samaki tu. Ni matembezi. Hata hivyo, kwa kanuni za Ufaransa, mwenye cheti cha kwanza hashuki zaidi ya mita 20, na lazima awe na kiongozi pembeni yake. Anabeba chupa ya hewa mgongoni, pamoja na kifaa cha kupimia pumzi ambacho Cousteau na Gagnan walikitengeneza mwaka 1943.

Masharti hayo yana sababu. Kwenye mita 10 chini ya maji, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukivuta hewa huko kisha ukapanda huku umezuia pumzi, hewa inatanuka na kupasua mapafu. Ukikaa sana chini kwenye kina kirefu halafu ukapanda haraka, naitrojeni iliyoingia mwilini inafanya mapovu: unaweza kupooza, unaweza kufa. Na moshi wa moteri ukiingia katika kompresa, unavuta gesi ya sumu ambayo haina harufu, unalegea bila kujua. Kijana akitolewa majini amekufa, kijijini wanaweza kusema mto umedai mtu wake, au kwamba amelogwa. Mara nyingi aliyemuua ni kompresa mbovu, au kutofundishwa.

Tutajibiwa kwamba Port-Cros ni starehe ya matajiri, huku kwetu ni njaa. Ni kweli. Lakini kama anayezama kwa kujifurahisha analindwa namna hiyo, anayezama kwa ajili ya chakula cha watoto atanyimwaje ulinzi?

Sheria tunayo. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji mdogo awe mtu mzima mwenye kadi, na afanye kazi katika eneo lililotengwa. SAEMAPE iliwekwa ili kuwasaidia na kuwalinda wachimbaji hao. Basi itoke ofisini, ihesabu dragi, iandike majina ya wanaozama na umri wao. Dragi inayomshusha mtoto ifungwe siku hiyo hiyo.

Kuna mambo ambayo hayangoji Kinshasa. Kompresa iwekwe mahali ambapo moshi wa moteri hauifikii. Mpiga mbizi afungwe kamba, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine aishike. Wapatane ishara za kuvuta kamba. Apande polepole huku akitoa pumzi, na asishuke akiwa amelewa au amechoka. Kabla ya kazi kuanza, PDG aandike mbele ya chefu wa kijiji atakacholipa mtu akiumia au akifa. Familia isiachiwe maiti pamoja na pesa ya sanduku tu.

Tena mto wenyewe una wenyewe. Kule Port-Cros, samaki aliye hai anavuta wageni mwaka hadi mwaka. Huku, dragi ikishachimbua kitanda cha mto, wanaokaa chini wanateka maji ya matope, na mvuvi anarudi na wavu mtupu. Dhahabu inaenda na aliyeinunua, hasara inabaki kijijini. Wachefu wanaopokea haki yao ili dragi ipite wanapaswa kuwajibu wakaaji juu ya hilo.

Kwa wazazi wa Kibua tunasema hivi: mtoto akiaga kwamba anaenda kuzama, muulizeni nani atashika kamba yake. Na PDG ambaye hawezi kumshusha mtoto wake kwa mpira ule, asimshushe wa jirani.