Mwanafunzi aliyetumwa kujifunza kazi ni amana ya nani?

KILA mwaka, vyuo vinapokaribia kufunga muhula wa pili, barua za utambulisho huanza kuzunguka maofisini. Ni barua fupi ya ukurasa mmoja yenye mhuri wa chuo, inayoomba mwanafunzi fulani apokewe kwa muda wa wiki nane, au pungufu ya hapo, ili ayafanye kwa mikono yake yale aliyosomeshwa darasani. Wanafunzi wenyewe wamezoea kuziita siku hizo "fildi". Mzazi wa kijijini, aliyeuza pamba au ng'ombe ili mwanawe asome, husikia tu kwamba chuo kimefungwa lakini mtoto harudi nyumbani. Msikiti nao husikia kidogo kuliko mzazi. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza mwezi huu.

Ndugu Waislamu, tumezoea kuhofia maisha ya chuoni. Tunamuusia kijana juu ya marafiki, mavazi, na fedha za mkopo ambazo wao huziita "bumu" na ambazo aghalabu humalizika kabla ya wakati wake. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ukweli ni kwamba chuoni kijana hayuko peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina msikiti wake na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, MSAUD. Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichofunguliwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Hata katika vyuo vidogo utakuta chumba cha sala, darasa baada ya Magharibi, na kaka au dada wa mwaka wa tatu anayemuuliza mdogo wake kwa nini hakuonekana Alfajiri. Mwenye njaa hula kwa mwenzake. Mgonjwa hupata wa kumpeleka zahanati.

Siku anapopanda basi na barua yake mkononi, yote hayo hubaki nyuma. Anafika katika mji asiomjua mtu, anatafuta chumba cha kupanga kwa wiki nane wakati wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na asubuhi yake anaripoti katika ofisi ambayo pengine haikumngojea.

Tuseme habari ya fedha kwa ufupi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina fungu la mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka kadhaa miongozo yake ilitaja kiwango kisichozidi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, yaani shilingi 560,000 kwa anayepata fungu hilo kamili. Si wote wanaolipata kamili, na asiye na mkopo hapati kitu. Wapo vijana wetu waliojizuia na mkopo huo kwa sababu ya ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni, wakiiona kuwa ni riba. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Ni vyema maimamu wakalitangaza hilo, maana bado wapo wazazi wanaomjibu mtoto wa leo kwa jawabu la miaka kumi iliyopita.

Sasa tuingie ofisini. Msimamizi ana kazi zake, na mgeni huyu hajui faili liko wapi. Basi anatumwa chai. Kesho yake anatumwa kutoa nakala za karatasi. Wiki ya tatu ameshajua bei ya vitumbua katika vibanda vyote vya jirani, lakini hajawahi kuona hesabu ya mwezi ikifungwa. Hatudharau kutumwa. Katika vyuo vyetu vya dini mwanafunzi humtekea maji sheikh wake, humbebea vitabu na kumtangulizia viatu mlangoni, na katika kule kuambatana naye ndimo anamojifunza namna ya kutoa fatwa, namna ya kunyamaza, na namna ya kusema "sijui". Tofauti ni kwamba sheikh yule anajua kuwa anafundisha, na mwanafunzi akirudi na ndoo darasa huendelea. Anayetumwa chai wiki nane bila ya darasa kuendelea hakufundishwa. Alitumikishwa bila ujira.

Kisha linakuja daftari. Kila mwanafunzi hupewa daftari la kumbukumbu, aandike kazi aliyoifanya kila siku, na msimamizi atie saini. Mwanafunzi asiyefanya kitu anaandika nini? Wengi hunakili kutoka katika daftari la aliyewatangulia: Jumatatu nilipatanisha hesabu za benki, Jumanne nilikagua stoo. Msimamizi anatia saini kurasa arobaini kwa dakika kumi ili ampunguze kijana. Mkufunzi wa chuo, akija, huja mara moja, huuliza maswali mawili, hutoa alama na kuwahi basi. Watu watatu, wote pengine wanasali, wameshirikiana kuandika jambo ambalo halikutokea. Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hatujui ni kwa dalili gani saini ya ofisini ilitolewa katika hukumu hiyo. Na madhara yake hayasubiri Akhera: kijana huyo anahitimu, anaajiriwa kuwa mhasibu wa hospitali au wa halmashauri, na siku ya kwanza anayotakiwa kupatanisha hesabu za benki ndiyo siku ya kwanza anayoiona kazi hiyo.

Liko jambo zito zaidi, na wasomaji wetu watuwie radhi tukilitaja wazi. Mwanafunzi wa kike anayetegemea saini na alama za mtu mmoja, katika mji asio na ndugu, yuko katika hatari ambayo mwanamume haijui. Mwaka 2018 mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliisema hadharani rushwa ya ngono iliyomo vyuoni, na nchi nzima ikasikia. Ofisini mambo si tofauti. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mhalifu mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kumpa mwingine haki au upendeleo wowote. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Mabinti waijue namba hiyo kabla ya kusafiri, na baba zao pia.

Mzazi mmoja wa hapa Sapiwi alituambia kwamba akisikia habari hizi dawa yake ni moja, kumzuia binti asiende. Tunaielewa hofu yake, ila hatukubaliani naye. Asiyekamilisha mafunzo kwa vitendo hahitimu, na miaka miwili ya ada ya pamba inakuwa imepotea. Aidha, tukiwatoa mabinti wetu vyuoni, tutampata wapi muuguzi wa kike wa kuwahudumia wake zetu katika hospitali ya mkoa pale Nyaumata?

Jawabu tunaliona katika kisa cha Madyan, katika Surat al-Qasas, kuanzia aya ya 23. Nabii Musa (a.s.) anafika kisimani akiwa mkimbizi, anawakuta wachungaji wamesongamana, na pembeni wamesimama wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao, kwa kuwa hawawezi kunywesha mpaka wanaume waondoke, na baba yao ni mzee sana. Zingatieni mambo mawili. Mzee yule, ambaye wafasiri wamekhitilafiana kama ndiye Nabii Shu'ayb au la, hakuwaacha binti zake wakae nyumbani kazi iharibike. Walitoka, na walitoka wawili. Kisha yule mgeni asiyewajua aliwanyweshea na akajitenga kivulini bila kudai lolote. Baadaye mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Mzee akaweka masharti kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na ikifika kumi ni hisani ya Musa mwenyewe, akaongeza kwamba hataki kumtia katika mashaka. Muda unajulikana, malipo yanajulikana, na aliyeajiriwa anaishi chini ya uangalizi wa aliyemwajiri. Musa alipewa miaka minane kabla ya kukabidhiwa ujumbe wa kwenda kwa Firauni. Sisi tunawapa vijana wetu wiki nane, na hizo nazo tunazipoteza kwa chai.

Kwa hiyo wanafunzi wa kike wapangwe wawili wawili katika ofisi moja, na wafikie katika nyumba ya familia inayojulikana na msikiti. Hili haliongezi gharama ya chuo hata senti. Linahitaji imamu wa huku kumpigia simu imamu wa kule.

Ama suala la kazi yenyewe, tunadhani tumekuwa tukiwapeleka watoto mbali na kazi. Kijana wa Simiyu anayesomea uhasibu huhangaika kupata nafasi katika jengo refu Dar es Salaam au Mwanza, akigombania kiti na wanafunzi mia. Na miezi hiyo hiyo, huku kwao, ndiyo miezi ya kuuza pamba. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Tangu serikali ilipoelekeza mwaka 2018 kwamba pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, kila kijiji kina mizani, stakabadhi, daftari la manunuzi na fedha nyingi zinazopita kwa muda mfupi. Nani hakumbuki msimu wa 2019, bei ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo na wakulima wakakaa miezi wakidai haki yao? Nani hajasikia malalamiko ya mizani iliyochezewa? Anayetaka kujifunza hesabu na akae hapo. Ataona stakabadhi ikiandikwa mbele ya mwenye mali, ataona tofauti ya kilo na fedha ikitafutwa mpaka usiku, na atajua kwa nini Qur'ani imeteremsha sura nzima yenye jina la wanaopunja vipimo. Na mkulima asiyejua kusoma atakuwa na jicho la mtoto wake pale kwenye mizani.

Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972, leo kina kampasi katika mkoa wetu. Wanafunzi wake si wageni wa serikali tu. Ni wageni wetu pia, na wengi wao wametoka mikoa ambayo pamba hawajawahi kuishika. Viongozi wa AMCOS walio katika jamaa zetu, na wapo, wawaandikie wakuu wa vyuo kabla ya msimu, wataje nafasi ngapi wanazo na kazi gani itafanywa. Wenye maduka ya dawa, karakana na viwanda vya kuchambulia pamba wafanye hivyo hivyo. Anayempokea mwanafunzi ampe nauli na chakula cha mchana, hata kama sheria haimlazimishi. Na saini isitiwe katika ukurasa ambao kazi yake haikufanyika. Kijana akiambiwa hivyo siku ya kwanza, yeye mwenyewe ataidai kazi.

Tunapendekeza kila msikiti wa Bariadi na vitongoji vyake uwe na daftari moja kwa ajili ya jambo hili. Katibu apokee majina baada ya sala ya Ijumaa: nani ana nafasi ya kazi, nani ana chumba, na ni wanafunzi gani wa kwetu wanaokwenda mikoa mingine na wanafikia wapi. Mwenye chumba aseme bei yake mapema, kodi iwe ya miezi miwili, na bei hiyo isipandishwe mwanafunzi akishateremsha begi lake.