Vumbi la Wazo ni fedha: mwenye hisa aulize habari za chujio

WANAOFUATILIA hisa za Kampuni ya Saruji ya Twiga, yenye kiwanda chake Wazo, jirani na Tegeta, huwa na maswali mawili hesabu za mwaka zinapotoka: zimeuzwa tani ngapi, na gawio ni shilingi ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu ambalo ni nadra kusikika, nalo linahusu kitambaa.

Kitambaa chenyewe si kanga wala kitenge. Ni mifuko ya chujio, mirefu mfano wa soksi, ambayo katika viwanda vya saruji huning'inizwa kwa mamia ndani ya masanduku ya chuma kwenye vinu vya kusagia, sehemu za kufungashia na, katika viwanda vingi vya siku hizi, hata kwenye tanuri. Hewa yenye vumbi hupitishwa humo. Hewa hutoka, vumbi hubaki.

Vumbi hilo si takataka. Likifika kwenye kinu cha kusagia ni mali iliyokwisha kugharimiwa: mawe yamechimbwa, malighafi imechomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, umeme umelipiwa. Likinaswa, linarudi ghalani na kuuzwa. Likiponyoka, kampuni imetupa bidhaa yake, na wanaoipokea ni wafanyakazi na majirani, bila malipo na bila kuiomba.

Madhara yake si ya kubuni. Utafiti wa Dk. Julius Mwaiselage na wenzake juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji nchini, uliochapishwa kuanzia mwaka 2004, ulionyesha uhusiano kati ya vumbi na kudhoofika kwa mapafu. Sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Kiwanda kinachovuka viwango hujiweka katika hatari ya kuadhibiwa, na adhabu hiyo hatimaye hutoka katika faida.

KIPIMO KIMOJA

Wahandisi wa nguo wanajua jambo ambalo mfanyabiashara ataliona la ajabu. Mfuko mpya kabisa huchuja vibaya kuliko uliokwisha kutumika kwa muda. Sababu ni kwamba kazi kubwa ya kuchuja hufanywa na tabaka jembamba la vumbi lenyewe, lililojishika juu ya kitambaa.

Hivyo ujuzi wote uko katika kujua wakati wa kuukung'uta. Ukikung'utwa mno kwa hewa ya kompresa, tabaka huondoka, vumbi hupenya, na kitambaa huchakaa kabla ya siku zake. Ukiachwa mno, unaziba. Feni inavuta kwa taabu, bili ya umeme inapanda na tani zinapungua.

Jibu hutolewa na kipimo kimoja: tofauti ya shinikizo la hewa kati ya upande mchafu na upande safi. Kikipanda polepole, mifuko inaziba. Kikishuka ghafla, huenda kuna tundu. Zamani fundi wa zamu alisoma kipimo hicho ukutani na kukiandika daftarini. Sasa vifaa vya kupimia hupeleka takwimu kwenye kompyuta muda wote, pamoja na joto la hewa na kiasi cha vumbi kinachotoka kwenye bomba la moshi.

Elimu ya kusoma takwimu hizo haiko Ulaya peke yake. Profesa Josphat Mwasiagi wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, amechapisha tafiti za kutumia kompyuta kubashiri ubora wa uzi wa pamba. Bidhaa ni tofauti, lakini njia ni ileile: takwimu za jana zionyeshe hitilafu ya kesho kabla mtambo haujasimama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha uhandisi wa nguo, na kutoka Mlimani hadi Wazo si safari ya kulala njiani.

Wazo ina sababu yake ya kuwa macho. Kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa gesi ya Songo Songo, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi ni nishati safi kuliko makaa ya mawe, lakini ikiungua huacha mvuke mwingi zaidi. Mvuke ukipoa kupita kiasi huwa maji, na maji yakikutana na vumbi la saruji, kila mwashi anajua kinachofuata. Mfuko uliogeuka zege haufuliwi, hutupwa.

NAFASI KWA WAFANYABIASHARA

Hapa pana biashara, ila mkulima wa pamba wa Shinyanga asipewe matumaini ya uongo. Pamba haihimili moto wa tanuri. Kinachotumika zaidi ni poliesta, kwa hewa isiyozidi nyuzi 130 hadi 150 hivi, na nyuzi za kioo, ambazo hufika 260 hivi.

Hata hivyo, Tanzania si ngeni katika nguo za kazi maalumu. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ndani ya uzi, kwa teknolojia ya Sumitomo ya Japani. Anayeweza hilo hawezi kushindwa kukata na kushona mifuko ya chujio kwa kitambaa cha kuagiza. Wateja wa kuwaendea wapo Wazo, Tanga, Mbeya na Mtwara, bila kusahau vinu vya unga vya Dar es Salaam. Sharti ni vipimo vya maabara, kwa kuwa mshono mmoja mbovu huharibu kazi ya sanduku zima.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha za chujio ni bora zigawiwe kwa wenye hisa. Hiyo ni hesabu ya duka la leo kwa leo. Kinu kikisimama ghafla, mzigo hupungua, wakala wa Temeke hupandisha bei, mnunuzi hutafuta saruji ya kiwanda kingine, na si lazima arudi.

Tangu Twiga iingie Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006, mwananchi wa kawaida ana haki ya kusimama katika mkutano mkuu wa mwaka. Basi asimame na maswali haya: mifuko ya chujio hudumu muda gani, mitambo imesimama saa ngapi kwa ajili yake, na vumbi linalotoka bombani ni kiasi gani? Kampuni yenye majibu hayo kwa tarakimu inastahili fedha zake. Isiyo nayo, gawio lake la mwaka huu lisimpumbaze mtu.