Waliosajiliwa si kipimo

Kila kampuni inapoleta mradi wa simu au kompyuta katika hospitali zetu hujigamba kwa idadi ya waliosajiliwa. Mimi sioni kusajiliwa kunamponyaje mtu.

Mwaka 2007 utafiti wa WelTel ulianza nchini kwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za Ukimwi. Takriban nusu yao walitumiwa neno moja kwa simu kila wiki, "Mambo?", nao wajibu "Sawa" au "Shida". Damu ilipopimwa baada ya mwaka, waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 57. Kwa wasiotumiwa, 48. Neno moja tu, jamani!

Mradi mchanga hauna faida ya pesa ya kuonyesha. Lakini mama wa Chaani anayetibiwa Port Reitz anaweza kupimwa damu. Wenye mradi waulizwe watampima lini, kabla mkataba haujatiwa sahihi.