Homa Baada ya Dawa za Kansa

Huku kwetu Nyangwe, kando ya mto Lualaba, homa ni jambo la kila siku. Mtu akishikwa na joto, twasema ni malaria, twamnywesha vidonge, twangoja kesho. Lakini kwa mgonjwa aliyetiwa dawa za kansa, desturi hiyo yaweza kumwua.

Dawa hizo si adui. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Kampala aliandika habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto wengi. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walianza kupona kwa dawa tu. Lakini dawa iuayo chembe za kansa hugusa pia chembe nzima zikuazo upesi: mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya kinywa na matumbo, na uboho utengenezao damu. Kunyonyoka nywele kwahuzunisha, wala hakuui. Kwa kawaida huota tena. Damu ndiyo ya kuangaliwa. Kwa dawa nyingi, tangu siku ya 7 hata ya 14 hivi, chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, hupungua sana. Hapo kijidudu kidogo chaweza kumwangusha mtu kwa saa chache, na pengine dalili ni homa tu.

Basi, tushike haya. Kipimajoto kiwemo nyumbani. Kikionyesha digrii 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku. Tusimpe kwanza dawa ya kushusha homa, maana yaificha hatari. Wala tusimtie dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa, maana huweza kuchubua na kuingiza vijidudu. Tuchukue karatasi yenye jina la dawa na tarehe. Hata akionekana ana malaria, tumwambie mganga habari ya kansa, ili asimnyime dawa za vijidudu.

Vivyo hivyo tukimbilie hospitali tukiona damu isiyokoma, kuhema kwa shida, kutapika au kuhara mfululizo, au vidonda vya kinywa vizuiavyo kunywa maji.

Toka Nyangwe hata hospitali ya Kasongo si karibu. Kwa hiyo nauli ya pikipiki iwekwe mapema, wala isiguswe kwa haja nyingine. Siku ya homa si siku ya kutafuta mkopo.