Ulikuwepo. Kwa Hiyo?

Wapenzi wa muziki wa roki wana ugonjwa mmoja ambao umri hauuponyi, bali unauzidisha. Anza tu kusifia onyesho uliloliona kwenye kanda au kwenye simu, atajitokeza mzee mmoja, aghalabu aliyewahi kusoma Ulaya, akukate kauli: wewe hukuwepo, huwezi kujua. Mjadala umefungwa. Aliyekuwepo ndiye shahidi, na ndiye hakimu pia. Sisi wengine tumeze mate. Nimechoka kumeza. Katika matamasha yanayotajwa kila watu wanapobishana lipi lilikuwa bora, aliyekuwepo mara nyingi ndiye aliyesikia kidogo kuliko wote.

Chukua Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965. Beatles walipanda jukwaani mbele ya watu zaidi ya 55,000, umati ambao bendi ya aina yao haikuwa imewahi kuukusanya. Uwanja ni wa besiboli. Jukwaa limewekwa katikati ya nyasi, mashabiki wamezuiwa kule kwenye viti, mbali, na askari wamejipanga kumdaka kila anayeruka uzio. Kampuni ya Vox iliwapa amplifaya za wati 100, ambazo enzi hizo zilikuwa kitu cha kutisha; leo bendi ya harusi ingezicheka. Sauti za waimbaji zilipitia spika za uwanja, zile zile za kutangazia mechi. Juu ya hayo yote, wasichana walipiga mayowe tangu mwanzo hadi mwisho, kama nusu saa hivi. Wanamuziki wenyewe hawakusikilizana. Ringo Starr alieleza baadaye kwamba alikuwa akiwatazama wenzake kwa nyuma, wanavyotikisika, ili ajue wimbo umefika wapi. Kwenye filamu utamwona John Lennon, katika kibao cha mwisho, akiburuza kiwiko juu ya kinanda na kucheka kama mtoto mtundu. Asiburuze kwa nini? Nani angesikia?

Na hiyo filamu nayo ina mambo yake. Muziki wake unasikika vizuri kwa sababu Januari 1966 wanne hao waliingia studio London wakarudia sehemu walizoona zimeharibika. “Act Naturally” ulitupwa kabisa, ukapachikwa ule wa kwenye santuri. Kwa hiyo anayekwambia anakumbuka jinsi Beatles walivyopiga Shea huenda anakumbuka walichopiga London miezi mitano baadaye, ameketi kwenye kochi, anatazama televisheni. Kichwa chake kimeshona vipande viwili, na yeye anaapia kuwa ni kitambaa kimoja.

Woodstock ndiyo usiseme. Agosti 1969, shambani kwa Max Yasgur kule Bethel, walifika watu laki nne au zaidi. Uzio haukuwahi kukamilika, tiketi zikawa makaratasi tu, barabara zikaziba hadi wanamuziki wakaletwa kwa helikopta. Mvua ikanyesha, ratiba ikavurugika. Creedence Clearwater Revival walipanda saa sita za usiku zimeshapita, na mwimbaji wao John Fogerty alilalamika miaka mingi kwamba mbele yake aliona umati uliolala. Grateful Dead walipiga kwenye jukwaa lililolowa, gitaa zikiwapiga shoti, na wenyewe walikiri kwamba walivurunda. Jimi Hendrix, ambaye bila yeye hakuna anayeweza kulisimulia tamasha lile, alianza mnamo saa tatu asubuhi ya Jumatatu. Jumatatu! Watu walikuwa na kazi, walikuwa na njaa, nguo zimewalowa. Wengi mno walikuwa wameshaondoka. Ule wimbo wa taifa wa Marekani alioupasua kwa gitaa, ambao dunia nzima inauona kuwa ndio kilele cha miaka ya sitini, ulipigwa mbele ya uwanja wa matope na takataka uliobaki na sehemu ndogo tu ya watu wake.

Basi nani aliyetupa Woodstock? Ni mwongozaji wa filamu Michael Wadleigh na wapiga picha wake, pamoja na wahariri waliojifungia na mikanda mirefu kupita kiasi, Thelma Schoonmaker na kijana Martin Scorsese wakiwemo. Filamu ilitoka 1970 ikashinda Oscar. Santuri ya tamasha nayo ilitoka mwaka huo huo, na ndani yake kuna wimbo “Sea of Madness” wa Crosby, Stills, Nash & Young ambao haukurekodiwa Woodstock hata kidogo, bali katika ukumbi wa Fillmore East mwezi uliofuata. Wangapi wameapa kwamba waliusikia kwa masikio yao kwenye matope?

Kuna jingine la kusikitisha zaidi. Desemba 1969, kwenye tamasha la Rolling Stones kule Altamont, California, kijana Meredith Hunter aliuawa karibu kabisa na jukwaa. Kwa miaka mingi ilisimuliwa, na kuandikwa, kwamba aliuawa wakati bendi ikipiga “Sympathy for the Devil”. Simulizi tamu: shetani ameitwa, shetani amekuja. Kamera zilionyesha kwamba wimbo uliokuwa ukipigwa ni mwingine kabisa, “Under My Thumb”. Ikiwa mauaji yanaweza kuhamishwa kutoka wimbo hadi wimbo, nikuamini vipi unaponieleza solo ya gitaa?

Manchester nitaipitia upesi, maana inachekesha tu. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols walipiga Lesser Free Trade Hall, kiingilio senti 50 za pauni, na inakadiriwa waliingia watu kama 40. Baadhi yao kweli walikwenda kuunda bendi zao. Lakini ukihesabu wote waliojipiga kifua tangu siku ile kwamba walikuwamo, ukumbi usingetosha. Ungehitaji uwanja wa mpira.

Najua nitajibiwa kwa tamasha la Live Aid. Queen, Wembley, Julai 1985, Freddie Mercury wetu wa Unguja akiwachezesha watu 72,000 kama darasa la chekechea. Sawa, lilikuwa onyesho la ajabu, sibishi. Lakini nani aliliona? Mimi kwenye kanda naona vikombe vya karatasi vimepangwa juu ya piano, naona jasho linavyomtiririka shingoni. Aliyekuwa nyuma kabisa ya uwanja aliona kidole gumba chenye fulana nyeupe, akageukia skrini kubwa. Yaani alikwenda Wembley kutazama televisheni akiwa amesimama. Upande wa Philadelphia, ambako Live Aid ilifanyika pia siku hiyo hiyo, umati ulishangilia Led Zeppelin waliporudi pamoja. Led Zeppelin wenyewe waliona aibu kiasi kwamba DVD ya Live Aid ilipotoka 2004 walikataa kuwekwa humo.

Sikatai kwamba kuwepo kuna ladha yake. Besi inayogonga kifuani haipatikani kwenye simu, wala rafiki uliyemshika bega ili usianguke. Lakini basi simulia hayo! Sema ulilowa, uliibiwa viatu, ulimpata mke. Hayo ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Usije ukageuza kulowa kwako kuwa cheti cha kutunyamazisha kuhusu muziki ambao sisi tumeusikiliza mara mia, kwa utulivu, wakati wewe ulikuwa unatafuta choo.

Na imani hii ina wanaoila. Agosti 2024, Oasis walipotangaza kurudi, mashabiki Uingereza walipanga foleni mtandaoni kwa saa nyingi, na wengine walipofika mbele walikuta tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa takriban pauni 150 imepanda hadi 355. Walilalamika, wengi wakalipa. Walilipa kwa sababu wamefundishwa kwamba asiyekuwepo si mtu. Waulize leo onyesho lilikuwaje, watakujibu lilikuwa bora maishani mwao. Baada ya pauni 355, nani angethubutu kujibu vinginevyo?