Maharage ya shule yanunuliwe kwa mkulima wa jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu jambo linalozungumzwa sana mikutanoni, lakini likifika shambani huwa limekwisha nguvu. Nalo ni jambo la kumsaidia mkulima anayelima pamoja na watu wa nyumba yake.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2014 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kilimo cha Familia. Halafu ukatangaza muongo mzima wa jambo hilo hilo, kuanzia 2019 hadi 2028. Muongo huo sasa unaelekea ukingoni. Katika hotuba nyingi za muongo huu tumeambiwa kwamba wakulima wa familia huzalisha asilimia 80 ya chakula cha dunia. Hesabu hiyo yataka uangalifu, maana ndani yake wamo pia wenye mashamba ya mamia ya ekari kule Marekani na Ulaya, watu wenye matrekta na maghala yao wenyewe. Utafiti wa FAO uliotolewa mwaka 2021 ulieleza kuwa mashamba yasiyozidi hekta 2 ni kama asilimia 84 ya mashamba yote duniani, yamechukua kama asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, na yanatoa takriban asilimia 35 ya chakula. Kwangu mimi hesabu hii ndogo ndiyo yenye uzito. Mtu mwenye sehemu moja ya nane ya ardhi anatoa zaidi ya theluthi moja ya chakula. Nani basi atasema mkulima huyu hajui kazi yake?

Anachokosa ni mnunuzi wa uhakika. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inaanguka, na mwenye lori anakuja na lumbesa yake akipanga bei apendavyo. Mbolea ya ruzuku ni jambo jema, na mbegu bora hali kadhalika, lakini mkulima aliyevuna magunia 30 badala ya 15 kisha akauza kwa bei ya kutupa amechoka mara mbili bila faida.

Nchi iliyoamua kulishughulikia suala la mnunuzi kwa sheria ni Brazil. Tunaijua Brazil kwa mpira na kwa mashamba makubwa ya soya, lakini ina wakulima wadogo wengi sana. Sensa yao ya kilimo ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa asilimia 77 ya mashamba ni ya familia, ambayo yana asilimia 23 tu ya ardhi, na yanawapa kazi watu wapatao milioni 10, yaani theluthi mbili ya wote wanaofanya kazi mashambani. Mwaka 2006 walipitisha sheria ya kueleza ni nani hasa mkulima wa familia: shamba lake lisizidi ukubwa uliowekwa, kazi ifanywe zaidi na watu wa nyumba yake, mapato yake mengi yatoke shambani humo, na yeye na familia yake ndio wawe wasimamizi. Wapo watakaosema hayo ni makaratasi tu. Sivyo. Bila maelezo hayo, kila msaada unaotangazwa kwa jina la mkulima mdogo huchukuliwa na bwana mkubwa mwenye shamba la kustaafia.

Basi mwaka 2009 wakatunga sheria nyingine. Chakula cha shule Brazil ni jambo la zamani, kilianza mwaka 1955, na katiba yao ya mwaka 1988 ikakifanya kuwa haki ya mwanafunzi. Wanaokula ni wanafunzi karibu milioni 40. Sheria ya 2009 ilisema kwamba katika fedha ambazo serikali kuu inazipeleka mikoani na katika manispaa kwa ajili ya chakula hicho, si chini ya asilimia 30 zitumike kununua chakula moja kwa moja kwa wakulima wa familia na vyama vyao. Mwezi Septemba 2025 kiwango hicho kilipandishwa kisheria kuwa asilimia 45, kuanzia Januari 2026.

Msomaji atauliza, mkulima wa ekari tatu atashindanaje na mfanyabiashara katika zabuni? Jibu ni kwamba hashindanishwi naye. Kwa sehemu hiyo ya fedha hakuna zabuni ya kawaida ya anayetaja bei ya chini. Manispaa inachunguza bei za soko la mahali pale, inatangaza mapema bei itakayolipa pamoja na vyakula inavyovihitaji, kisha inawaita wakulima walete mapendekezo ya kuuza. Wa karibu wanafikiriwa kwanza. Kila familia imewekewa kikomo cha mauzo, ambacho tangu mwaka 2021 ni reais 40,000 kwa mwaka kwa kila mnunuzi, ili mmoja asijitwalie yote. Mwaka 2023 likaongezwa jambo ambalo wanawake wetu wa vijijini wangelipenda: familia ikiuza, si chini ya nusu ya mauzo yaandikwe kwa jina la mwanamke wa nyumba hiyo.

Yuko pia mtaalamu wa lishe ambaye kwa sheria ndiye mpangaji wa chakula cha wanafunzi. Kwa kuwa sehemu ya chakula lazima itoke kwa wakulima wa karibu, hana budi kujua nini kinavunwa mwezi gani, na ratiba ya jikoni inafuata msimu wa shamba. Na liko baraza la chakula cha shule, wamo wazazi na walimu, lenye kazi ya kukagua matumizi. Siku hizi neno ubunifu likitajwa, watu hufikiria simu na ndege zisizo na rubani za kupiga dawa. Mimi naona kutangaza bei kabla ya kununua ni ubunifu mkubwa kuliko hayo, na gharama yake ni karatasi na ubao wa matangazo.

Isidhaniwe kwamba Brazil ni peponi. Ziko manispaa ambazo hazikufikia hata asilimia 30, maana sheria iliacha mlango kwa wanaodai kuwa wakulima hawana hati za mauzo au hawaleti chakula kwa mfululizo. Wizara iliyowasimamia wakulima hawa ilivunjwa mwaka 2016 na kurudishwa mwaka 2023. Fedha za chakula kwa kila mtoto zilikaa bila kuongezwa tangu 2017 hadi 2023, na huku bei zikipanda. Na mikopo mingi ya kilimo bado inakwenda kwa wakubwa: katika mpango wa msimu wa 2023/24 wakulima wa familia walitengewa reais bilioni 71.6, na wa kati na wakubwa zaidi ya bilioni 364. Nayasema haya kwa sababu ziko safari za kujifunza ambazo hurudi na sifa tupu.

Hapa Afrika nako yamejaribiwa. Kenya ilianza mwaka 2009 mpango wa kulisha shule kwa chakula cha nchini. Mwaka 2012 mradi uliofuata mfano wa Brazil ulianza Ethiopia, Malawi, Msumbiji, Niger na Senegal. Ghana ilikuwa imetangulia mwaka 2005, ikawapa kazi akina mama wapishi wa mkataba. Kule mpishi ndiye anayetafuta chakula, na malipo yake yakichelewa, kama yalivyochelewa mara nyingi, hununua kwa mkopo kwa mwenye duka anayemjua. Mkulima wa jirani hamkopeshi, hawezi, kwa hiyo anabaki nje ya mpango uliotungwa kwa jina lake.

Hilo la malipo ndilo ninaloliogopa kwetu. Shule zetu za bweni za serikali hulishwa na wazabuni, na malalamiko ya wazabuni kucheleweshewa fedha zao tumeyasikia mara nyingi. Mzabuni mwenye mtaji anaweza kungoja miezi sita, na kwa kweli huiongeza miezi hiyo ndani ya bei yake. Mkulima hawezi kungoja, ana karo, ana deni la pembejeo, ana kibarua aliyemsaidia kuvuna. Tukimwingiza katika mpango huu bila kuweka siku ya mwisho ya kumlipa, tutakuwa tumemwondoa kwa mlanguzi mwenye fedha taslimu na kumpeleka kwa ofisi isiyo na fedha. Mimi nikiambiwa nichague moja tu katika yote niliyoyataja, nitachagua malipo ndani ya siku 30.

Sheria haitupingi. Sheria yetu ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imekwisha kutambua makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu na kuyatengea asilimia 30 ya ununuzi. Kundi la wanawake wanaolima maharage lina haki ya kuingia humo leo. Kinachowakwamisha ni usajili, mfumo wa mtandao wa zabuni ambao kijijini haufunguki kirahisi, na risiti ya mashine. Kazi hiyo ingeweza kufanywa kwa niaba yao na chama cha msingi cha ushirika, ambacho kina katibu, kina mizani na mara nyingine kina ghala. Wengine watasema vyama hivyo vina wezi. Vimekuwa navyo, ndiyo, na ndiyo maana nataka bei na orodha ya waliouza vibandikwe kwenye ubao wa shule, mahali ambapo wazazi wanapita.

Shule za kutwa ni suala gumu zaidi, maana huko chakula hutegemea michango ya wazazi, na wengi wa wazazi hao ndio hao hao wakulima. Sitaki kulichanganya hapa. Tuanze na zile za bweni ambazo fedha zake zimo katika bajeti. Ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri ni dogo: kabla ya mavuno yajayo, kila mmoja atangaze hadharani shule zake za bweni zinatumia magunia mangapi ya mahindi na maharage kwa mwaka, yanatoka wapi, yanalipwa bei gani kwa kilo, na aliyeyaleta alilipwa baada ya siku ngapi. Tukishaziona hesabu hizo, vyama vyetu vya msingi vitajua kama vinaweza kuleta au la.

Mkulima na Msomaji,
Njombe.